Naomba ushauri: kupandisha kolesteroli nzuri kwa chakula na mazoezi

Wakuu, habari zenu. Baba yangu, mkazi wa Igoma hapa Mwanza, amepimwa na kukutwa na kolesteroli nzuri, yaani HDL, ya milimoli 0.8 kwa lita, ilhali kwa mwanamume inatakiwa isipungue 1.0. Sigara ameacha. Daktari amemshauri atembee kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki na apunguze kitambi. Ugumu uko mezani: sato na dagaa tunao, lakini kwetu samaki asiyekaangwa huhesabiwa chakula cha mgonjwa, na ugali wa sembe (wa dona hautaki hata kuuona) hujaa sahani. Mliofanikiwa, dagaa mnawapikaje wakanoga bila mafuta mengi, na karanga au parachichi mnakula kiasi gani bila kuongeza uzito?