Tupeane uzoefu: waliofufua magari ya zamani ya spoti hapa Tanga, mlianza na breki, chini au injini?

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Jana jioni Raskazone limepita gari lenye mlio wa kabureta mbili na silinda sita, ule mlio wa Datsun za zamani. Nilisimama mpaka likapotea. Nyumbani tunayo Datsun 240Z ya marehemu baba, ipo chini ya mwembe tangu alipoanza kuumwa, na sasa nimeamua irudi barabarani. Injini ni ile ile L24, cc 2,393, inazunguka kwa mkono bila kukwama. Ila breki zimekufa, bushi zimebaki unga, shokapu zote nne zimemwaga oili.

Naomba waliopita njia hii mniambie mlianzia wapi na kipi kiliwatesa. Wa kuniambia niuze, nawashukuru mapema, hiyo haipo.

Spana 14
Anza na kutu, mkuu. Kabla ya spana yoyote chukua bisibisi na nyundo ndogo, lala chini. Gonga sakafu miguuni kwa dereva na kwa abiria, gonga zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu, kisha panda juu uangalie sehemu ya betri. Asidi ya betri inakula pale, maji yanashuka, na huku kwetu upepo wa chumvi unamalizia. Kusi inakupulizia, kaskazi inakupulizia. Palipokufa, bisibisi inazama. Hapo hutaki puti, unataka fundi wa kuchomelea anayekata bati bovu lote mpaka akutane na chuma kizima.

Shokapu mpya kwenye bodi iliyooza ni hela umetupa baharini.

Mbondei wa Muheza
Uzi huu umenigusa pabaya. Sijui kama mnaijua pini ya mkono wa chini wa nyuma kwenye Z. Kwa wasiojua: mkono wa chini wa nyuma umeshikwa kwenye nyumba ya beringi kwa pini moja ndefu inayopita katikati ya bushi mbili. Katikati yake kuna kipini kidogo cha kuifunga isizunguke. Kikiwa kipya ni kazi ya kupumzikia. Kikiwa kimekaa Pongwe miaka kwenye unyevu, chuma na chuma vimeshaoana.

Nilitoa kile kipini kidogo vizuri, nati yake ikatoka, nikafurahi. Pini kubwa ikagoma. Nikaloweka oili ya kupenyeza usiku kucha, haikusikia. Nikapiga nyundo, kichwa cha nyuzi kikaanza kutanuka kama uyoga, maana yake sasa haipiti hata ikitaka. Nikapeleka kwa jamaa mwenye presi, presi ikalia, pini ikapinda, nyumba ikabaki vile vile. Nikapasha moto, bushi za mpira zikashika moto na moshi mweusi ukajaa uani, mama mkwe akatoka na ndoo ya maji.

Kilichonitoa ni kukata. Msumeno wa chuma uliingia kati ya mkono na nyumba, pande zote mbili, mikono ikatoka na vipande vya pini. Kilichobaki ndani ya nyumba kikaenda kwa fundi wa mashine ya kuchonga, akakitoboa taratibu mpaka kikabaki ganda. Pini mpya nilizipaka grisi ya kuzuia kutu mpaka zikang'aa, na nati zake nimezifunika. Mkuu, agiza pini mpya kabla hujagusa za zamani. Kabla, nakusisitizia.

Kaskazi
Hiyo pini. Basi tu.

Ngamiani Kati
Hiyo pini iliniuzia gari, mkuu. Nilimpa jirani nikaondoka.

Spana 14
Nyongeza: ukishafungua huko nyuma, weka bushi ngumu za poliyurethani gari lote. Mpira umepitwa na wakati.

Mzee wa Mkonge
Kijana, hapo sikubali. Bushi ngumu mahali pote kwa barabara zetu unajitafutia mtikisiko wa meno. Weka ngumu kwenye stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, na kwenye usukani, mikono ya chini acha mpira. Na ule mkono mrefu wa mbele unaozuia gurudumu kurudi nyuma, ukiubana kwa bushi ngumu pande zote mbili chuma chenyewe hakina pa kupinda. Mwisho wake kinakatika.

Spana 14
Mzee, shikamoo, ila mimi ninazo na sijakatika.

Mzee wa Mkonge
Marahaba. Unaendesha Tanga hadi Muheza kwenye lami. Ipeleke Amani, halafu uje tuzungumze.

Gia ya Pili
Mlipotaja breki imenibidi niandike, kuna jambo nalibeba muda mrefu.

Ilikuwa 240Z ya mjomba wangu, rangi ya machungwa. Ilikuwa imetoka gereji moja, sitaitaja. Mbele imefungwa disi mpya na pedi mpya, risiti inasema oili ya breki imebadilishwa mfumo mzima. Tukapanda Lushoto kwenye arusi. Kupanda kulikuwa raha, watoto wa Soni wanatupungia, injini haitaki hata kuombwa. Arusi ikaisha salama, asubuhi tukaanza kushuka Mombo. Njia ile mnaijua, kilomita thelathini na kitu, unashuka karibu mita elfu moja, upande mmoja mwamba, upande mmoja korongo.

Naendesha mimi. Mjomba pembeni na kofia yake ya viua mapajani, nyuma kapu la pea tulilopewa. Mbele yetu Fuso la kabichi linashuka kwa gia nzito, dereva wake anajua kazi. Mimi nyuma nashika breki naachia, nashika naachia. Tulipoipita Soni kanyagio likaanza kulainika. Nikalipampu, likapanda kidogo. Kona iliyofuata nikakanyaga, mguu ukaenda mpaka sakafuni. Nikapampu tena, sakafuni. Harufu ya pedi imejaa ndani na bodi la Fuso linazidi kuwa kubwa kwenye kioo.

Mjomba hakupaza sauti. Alisema, "Mjomba, tia gia ya pili. Sasa hivi." Nikakanyaga klachi, nikaipa moto, ikaingia. Injini ililia kilio ambacho sijakisikia tena, pua ikazama. Handbreki nikaivuta polepole huku kitufe nimekibana kwa dole gumba, maana nyuma ikijifunga pale tunazunguka. Mwendo ukapungua lakini haukutosha, nilishaanza kuona majani ya kabichi moja moja. Kwa bahati kona ile mwamba ulikuwa upande wetu. Nikaingiza matairi ya kushoto kwenye mfereji wa maji, ubavu ukasuguana na mawe, tukasimama.

Pea zilikuwa zimetapakaa mpaka chini ya kanyagio. Mjomba akasema Alhamdulillahi, akafungua mlango, akaenda kukaa juu ya jiwe.

Sikilizeni sasa. Breki zilipopoa, kanyagio likarudi gumu kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukateremka kwa gia ya kwanza na ya pili mpaka Mombo. Tulipofungua nyumbani koki za kalipa, zile zinazobana pedi kwenye disi, iliyotoka ilikuwa oili nyeusi tii. Ile gereji ilikuwa imeongeza mpya kwenye chupa ya juu tu. Ya kwenye kalipa, inayokutana na moto, ilikuwa ya zamani.

Kaskazi
Mwili umenisisimka nikiwa nimekaa ofisini.

Mtoto wa Chumbageni
Pole sana kaka. Mjomba yupo?

Gia ya Pili
Yupo, mzima, na gari bado analo. Ila Lushoto anakwenda kwa basi.

Binti Pangani
Nauza spea, naomba niongeze hapo, maana hii naieleza dukani kila siku na watu hawanisikii. Oili ya breki inanyonya maji kutoka hewani. DOT ni daraja la oili linaloandikwa kwenye chupa. Kiwango cha DOT 3 ni isichemke chini ya nyuzi 205 ikiwa mpya. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imenyonya. Kwenye mteremko wa Lushoto kalipa inafika huko bila shida. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabanika, oili haibaniki, ndiyo maana mguu ulizama. Hewa ya pwani yetu ni maji matupu, kwa hiyo hapa usisubiri iwe nyeusi. Badilisha mfumo wote kila mwaka mmoja au miwili, usimame mwenyewe uone inavyotoka safi kwenye magurudumu yote manne.

Na chupa ikishafunguliwa ikakaa rafuni nusu, usiitie kwenye gari. DOT 5, ile ya silikoni, usiichanganye na hizi.

Dar Mpitaji
Ndugu zangu, gari la zamani ni la zamani. Toa L24 hiyo, tia injini na gia boksi ya Altezza, breki zake, redieta yake, umalize. Spea zimejaa kila kona.

Mzee wa Mkonge
Hapana. Mwaka 1971 Herrmann na Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari kwa 240Z, na gari la pili siku hiyo lilikuwa 240Z ya Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe kwa 240Z na Lofty Drews pembeni yake. Tope, mawe, vumbi la nchi zetu hizi, na L24 iko ndani. Wewe unataka kuitoa kwa sababu spea zimejaa Kariakoo?

Dar Mpitaji
Mzee mimi nasema kwa urahisi wa mtu kutembea, sio kwa makumbusho.

Ngamiani Kati
Makumbusho umesema wewe. Gari la baba yake mtu hilo.

Mbondei wa Muheza
Tusigombane, kuna njia ya kati. Baadhi ya Nissan Patrol za 160 za petroli zilikuja na injini ya L28, cc 2,753, ndugu wa damu wa L24. Ukipata Patrol iliyokufa bodi, injini inakaa kwenye maunti za Z. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hamisha yako. Kabureta zako zinakaa.

Spana 14
Na silinda hedi ya L24 juu ya L28, mbano unapanda, unapata nguvu.

Mzee wa Mkonge
Unapata na kugonga. Joto la Tanga, petroli ya kawaida, mbano mkubwa, pistoni zitaimba mpaka zitoboke. Mwache kijana na hedi inayolingana na bloku.

Kaskazi
Ukinyanyua hedi, kabla hujafungua sproketi ya kamshafti, chonga kabari ya mbao uishushe katikati ya mnyororo wa taimingi, ikaze. Usipoweka, kibana mnyororo kinachomoka kule ndani na itabidi ufungue kifuniko chote cha mbele. Kabari ifunge kamba ili isidumbukie.

Binti Pangani
Turudi kwenye breki za mwenye uzi. Kaka, usihangaike na kalipa za kuagiza. Hilux 4WD za miaka ya mwanzo ya 1980 zina kalipa za pistoni nne, zimeandikwa S12-8 kwenye chuma chenyewe. Matundu ya bolti yanalingana na ya 240Z na zinakaa juu ya disi zako za kawaida. Utakunja au kukata kidogo lile bati la nyuma ya disi, na bomba dogo la breki utatengeneza jipya. Kit za mpira na pistoni zake zinapatikana.

Zikishafungwa, koki za kutolea upepo lazima ziwe juu. Zikiwa chini umebadilisha kushoto na kulia, na utatoa upepo mpaka kesho bila kanyagio kupanda.

Spana 14
Na masta silinda, ile inayosukuma oili ukikanyaga? Kwa ya inchi 7/8 kanyagio litashuka mno na pistoni nne.

Binti Pangani
Linashuka, ila inafanya kazi. Wengi wanahamia ya 15/16 ya 280ZX, kanyagio linakuwa fupi. Lakini mbele ikizidi nguvu sana, nyuma inabaki haina kazi. Dramu za nyuma zichongwe sawa, silinda zake ndogo ziwe mpya, handbreki irekebishwe. Mmesikia wenyewe nani aliokoa watu kule Soni.

Gia ya Pili
Handbreki. Naunga mkono kwa roho yote.

Ngamiani Kati
Mimi ningeweka disi na nyuma.

Mzee wa Mkonge
Baada ya dramu kumshinda. Si kabla.

Mtoto wa Chumbageni
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Nimekwenda nayo bisibisi asubuhi hii: sakafu ya dereva imezama sehemu moja, karibu na kanyagio la klachi, reli ni nzima, sehemu ya betri imetoboka. Kwa hiyo wa kuchomelea kwanza, halafu breki, halafu chini, injini itasubiri. Pini naagiza leo. Binti Pangani, kalipa za S12-8 unazo au nizunguke? Na Mzee wa Mkonge, shikamoo, nafasi ya valvu za L24 ulikuwa unaiweka ngapi?

Mzee wa Mkonge
Marahaba mwanangu. Injini ikiwa ya moto, milimita 0.25 kwa za kuingiza, 0.30 kwa za kutoa. Mtiririko wa moto, yaani zamu za silinda kuwaka, ni 1-5-3-6-2-4. Sakafu ikishachomelewa nijulishe nije nione kabla hujapaka rangi ya chini.

Binti Pangani
Ninayo ya kulia. Ya kushoto ipo kwa mtu Korogwe, anataka hela nyingi, nitamsemesha.

Spana 14
Usimlipe bei hiyo. Hilux iliyolala nyuma ya stendi ya zamani ina zote mbili.

Binti Pangani
Ile nimeshaikagua. Disi zake zina matundu ya hewa katikati, kalipa zake ni pana, hazitakaa kwenye disi ya Z bila kubadilisha na disi.

Spana 14
Zitakaa.

Binti Pangani
Leta rula Jumamosi.