Asali ya Sikonge: nifungashe kwenye kioo au plastiki?

Mwanasikonge: Wakuu, habari. Nina asali ya nyuki wakubwa, siku zote nauza kwa madumu. Sasa nataka kuifungasha kwa jina langu. Chupa ya kioo au ya plastiki ya kukamua? Naagiza wiki hii. Nawasilisha.

Fundi Lebo: Mkuu, maelezo hayatoshi. Soko lako ni nani, duka la mtaani au supamaketi? Ujazo gani? TBS, shirika la viwango, umeshapita? Usipoyasema hayo, kila mtu atakushauri la kwake.

Mama Ilala: Kioo, wala usihangaike. Mteja anaiona rangi. Ikiganda anaitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, inarudi. Ile plastiki laini ikipata joto inapinda.

Mzigo wa Tabora: Mama, kioo kwa basi hadi Dar? Chukua plastiki ngumu, mdomo mpana.

Msindikaji: Mnabishania chupa, mimi lebo ndiyo iliyonitesa. Mchapaji mmoja alinihakikishia stika zake haziingii maji. Nikabandika, nikapeleka dukani. Asali lazima itachirizika kidogo kwenye kizibo, muuzaji akawa anafuta kwa kitambaa kibichi. Wino ukaanza kutoka, na cha kwanza kufutika ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Duka likaondoa mzigo wote rafuni. Nilipomrudia mchapaji akasema nilipaswa kulipia stika za plastiki, wakati risiti yake mwenyewe imeandika nimelipia stika za plastiki! Hela hadi leo sijaiona. Dai sampuli, ipake asali, isugue kwa maji, ndipo ulipe.

Mwanasikonge: Pole sana. Soko ni Dar, ujazo nusu lita. TBS bado.

Fundi Lebo: Basi usiagize kwanza. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze njia ya TBS. Jina litafute BRELA, wanaosajili majina ya biashara, kabla hujachapa, usije ukakuta ni alama ya biashara ya mtu. Na hiyo nusu lita ni kama gramu 700, asali ni nzito kuliko maji. Ukiiuza kwa bei ya nusu kilo, kila chupa umegawa gramu 200 bure. Kwenye lebo andika gramu.

Kijana wa Mbagala: Samahani, asali ikiganda si imewekwa sukari?

Mama Ilala: Hapana mwanangu. Asali halisi inaganda, hasa kwenye baridi.

Kijana wa Mbagala: Mbona tunapima kwa kuchovya njiti ya kiberiti, ikiwaka tunasema asali ni safi?

Msindikaji: Kiberiti hakikuonyeshi sukari. Jali unyevu, ukizidi asilimia 20 asali inachacha na kusukuma kizibo, iwe kioo au plastiki.

Mzigo wa Tabora: Kama inaganda, ndiyo maana nasema mdomo mpana, uichote kwa kijiko.

Mama Ilala: Mdomo mpana hata kioo kipo, baba.

Kijana wa Mbagala: Mwanasikonge, ya nyuki wadogo unayo? Bibi yangu anaitafuta.

Mwanasikonge: Ipo kidogo, njoo PM. Fundi, SIDO ya Tabora mjini iko upande gani?