Naomba ushauri: upinde wa kapi au wa kifyatulio kwa kuwinda kulungu Minnesota?

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Hapa Minnesota, Marekani, nimezoea kuwinda kulungu kwa upinde wa kapi (wenye magurudumu yanayopunguza nguvu ya kuushikilia ukishavutwa) tangu msimu unapofunguliwa katikati ya Septemba, kabla bunduki za Novemba hazijawatawanya. Mwaka 2023 jimbo liliruhusu kila mwindaji kutumia, katika msimu wa upinde, upinde wa kifyatulio (wenye kitako kama cha bunduki, unaokaa umevutwa hadi ufyatue), ambao awali katika msimu huo uliachiwa wenye miaka 60 na zaidi pamoja na walemavu, jambo ambalo wenzangu bado wanalinung'unikia. Sasa bega langu linatetemeka nikivuta upinde wenye nguvu ya mvuto wa pauni 45, na mazoezi ya miezi miwili hayakusaidia. Je, nishuke hadi pauni 35, maadamu kiwango cha chini kisheria ni 30, au ninunue wa kifyatulio ilhali kanuni zaweza kugeuzwa tena? Na kwa pauni 35, nisimlenge kulungu akiwa zaidi ya hatua ngapi?