Nimepangiwa darasa la awali, semina ya siku tatu haijanisaidia. Nisome wapi?

TichaWaKilosa

Habari zenu walimu. Mimi ni mwalimu wa kiume, miaka 27, nipo shule ya msingi kijijini huku Kilosa. Nilisomea cheti cha ualimu cha Daraja la A, na mazoezi yangu yote ya kufundisha nilifanyia darasa la tano. Siku niliyoripoti, Mwalimu Mkuu alinitazama, akasema mgeni ndiye anayeanza na wadogo. Mwalimu wa awali alikuwa likizo ya uzazi. Aliporudi akaomba la tatu, akapewa. Nikabaki mimi.

Kwenye rejesta wapo 96. Wanaokuja ni zaidi, maana kuna wa miaka mitatu wanaofuatana na kaka zao, na siwezi kuwafukuza. Tuna mkeka mmoja, na madawati ambayo wakikalia miguu inaning'inia. Kijijini naitwa "mwalimu wa makamasi", na wengine hawatanii.

Mwezi uliopita nikachaguliwa kwenda semina mjini, siku tatu. Nilifurahi sana. Tukafundishwa kona za ujifunzaji, yaani pembe za darasa zenye zana za kuchezea na kujifunzia, tukakata manila, tukabandika picha za matunda, tukapewa cheti, tukasaini posho. Jumatatu nikazitundika zile kadi ukutani. Mpaka saa nne zilikuwa zimeshuka zote. Siongezi chumvi, ya embe ilitafunwa.

Sasa niombe ruhusa nikasome stashahada ya elimu ya awali, au kuna mafunzo mafupi ya maana? Vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) tunavyo hapa shuleni, ila kila mara tunajadili mtihani wa darasa la nne na la saba. Nikinyoosha mkono kuhusu awali, wanacheka.

Kalamu Nyekundu

Ndugu, omba kubadilishiwa darasa mapema. Wakishajua unawaweza, utastaafu nao.

Bi Chaki (mstaafu)

Mwanangu, huyo hapo juu hakudanganya. Mimi nimestaafu nao, miaka 19 ya awali, Korogwe, na magoti yananiuma mpaka leo kwa kukaa chini.

Nikuulize. Katika hizo siku tatu mliona watoto wangapi? Najua jibu. Hiyo ni sawa na kufundishwa kukamua ng'ombe kwa picha. Kona za ujifunzaji ni jambo zuri, lakini zimetungwa kwa darasa ambalo mwalimu mmoja ana watoto 25, kama mwongozo unavyotaka. Sera ya mwaka 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, ada ikaondolewa mwaka 2016, watoto wakamiminika. Walimu waliosomea awali hawakumiminika. Kwa hiyo usijione mjinga.

Kesho okota vizibo vya soda, ndoo nzima, dukani watakupa bure. Waache watoto wahesabu kwa pamoja. Watakufikisha ishirini kwa madaha, na mgeni akipita dirishani atapiga makofi. Halafu mwambie kila mmoja, "Niletee vizibo saba." Utaletewa konzi. Wanaimba namba, hawahesabu. Ukishaliona hilo kwa macho yako utajua kazi ya mwezi mzima: kidole kiguse kizibo kimoja, mdomo utaje namba moja, kidole kisitangulie. Kumi kumi kwenye makopo, watoto wanane wanane, na usihame mpaka uwe umepita vikundi vyote, hata ikichukua wiki.

La pili, muulize mwalimu wa darasa la kwanza wa shule jirani ni nani anayemletea watoto walioiva. Usimuulize afisa, afisa anaona ukuta. Huyo utakayetajiwa, mwombe ukakae nyuma ya darasa lake asubuhi moja. Zana zake usizitazame. Tazama anamfanya nini mtoto wa kwanza kumaliza kazi, maana hapo ndipo darasa linapovunjika.

Masomo omba, tena uombe. Kama hujathibitishwa kazini, subiri uthibitishwe. Barua iende kwa Mkurugenzi, ipitie kwa Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu Kata na Afisa Elimu wa Awali na Msingi, uulize kama umeingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Usiondoke kimyakimya ukasema utarudi na cheti. Nimeona watu wakihangaika miaka kutambuliwa. Na ukitaka kufika mbali, Chuo Kikuu cha Dodoma wana shahada ya elimu ya awali.

Mwana wa Mahonda

Assalaam alaykum. Sisi Unguja twaita maandalizi. Mie sikusomea ualimu, nilianza kama mlezi wa kijiji kwenye kituo cha watoto cha Tucheze Tujifunze, kile cha kujifunza kwa kipindi cha redio. Watu wadhani kipindi ni cha watoto tu, kumbe chamfunza na mwalimu. Chakwambia wapange duara, waulize, kisha redio yanyamaza kuwapa watoto nafasi ya kujibu. Ule ukimya ndio ulionifunza kazi. Kabla yake nilikuwa nikiuliza na kujibu mwenyewe, mtoto hajafungua mdomo. Kaka, jipime hapo.

Na dada yangu alipita kwenye mpango wa madrasa za chekechea, ule ulioanza Mombasa mwaka 1986 ukafika kwetu 1990. Anasema kilichomsaidia ni mkufunzi kumfuata darasani kwake, watoto wakishaondoka wanakaa mkekani wanaongea. Kama huna mkufunzi, walimu watatu wa awali wa kata moja mwaweza kufuatana kwa zamu.

TichaWaKilosa

Shikamoo Bi Chaki. Nimerudi na majibu.

Vizibo saba: walioleta saba kamili ni 11. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, maana wiki hiyohiyo nilikuwa nimeandika kwenye andalio la somo kwamba wanahesabu 1 hadi 20.

Nimekwenda shule ya ng'ambo ya mto, kwa bodaboda, nauli yangu. Yule mama ana watoto 80 na hapazi sauti. Mtoto anayemaliza anapewa kazi: kugawa makopo, kufuta ubao, kumfungia mwenzake kamba ya kiatu. Hakuna aliyekaa bure. Nimerudi nikamkabidhi makopo yule aliyetafuna embe. Juzi alinirudishia moja akasema viwili havipo. Nikahesabu, vilikuwa vinane kweli, viwili vilikuwa mfukoni kwa mdogo wake.

Tumeshakubaliana watatu tuwe tunakutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi, shule kwa shule. Mwalimu Mkuu ameridhia iandikwe kama MEWAKA. Barua ya masomo ipo mezani kwake, sijui kama itasogea.

Dada wa Mahonda, kwenye kuuliza na kujibu mwenyewe umenishika pabaya. Nahesabu mpaka tano kimoyomoyo. Ni ndefu mno.

Limebaki moja: wale wa miaka mitatu nifanyeje?

Bi Chaki (mstaafu)

Marahaba. Wape mchanga, makopo matupu na maji kidogo kwenye beseni, chini ya mti unaouona kutoka mlangoni. Mwombe Mwalimu Mkuu aongee na kamati, wazazi wapokezane zamu, mmoja kwa siku. Na kwenye rejesta usiwaandike, mwakani watakuja tena.