Re: Mwenzangu wa kazini Mwirani kanialika maandamanoni, na karatasi zangu je?

Mama Kulwa, Columbus – Jumamosi 5 Novemba 2022

Wadau, za wikiendi. Nina jambo, naomba mnisaidie kabla ya kesho saa nane mchana.

Pale ghalani ninapobeba boksi usiku kuna dada mmoja Mwirani, wa Shiraz. Tulizoeana siku nilipokuwa naongea na simu nikataja "bandari", akaacha mkasi wake wa kukatia tepu akaniuliza Kiajemi nimejifunzia wapi. Tangu hapo kila mapumziko tunahesabu maneno: bandari, pamba, chai, serikali. Hilo la mwisho lilimchekesha sana. Akasema, "Kumbe mmechukua mpaka balaa letu."

Tangu yule binti Mahsa Amini afie mikononi mwa polisi wa maadili, tarehe 16 Septemba, huyu dada hacheki tena. Kesho Wairani wa hapa wanakusanyika mbele ya jengo la Bunge la jimbo, kanialika. Pia kanipa barua ya mbunge wetu wa Washington nitie sahihi.

Maswali yangu mawili. La kwanza: ombi langu la uraia liko mezani, alama za vidole nimeshachukuliwa. Nikipigwa picha pale nimeshika bango, itaniharibia? La pili ni barua yenyewe. Kuna mstari unasema Marekani "iuondoe utawala huu". Kalamu ikanigomea hapo. Hivi nyinyi mnaona viongozi wa hapa wafanye nini hasa? Juzi Biden kasema kule California "tutaikomboa Iran". Nilidhani dada atafurahi, kumbe kashika kichwa.

Msukuma wa Houston

Mama Kulwa, usisite, tia sahihi. Mwaka 2009 watu walijaa barabara za Tehran kudai kura zao, binti Neda Agha-Soltan akapigwa risasi tarehe 20 Juni dunia nzima inatazama, na Obama yuko Ikulu anapima maneno kama muuza dhahabu, eti asionekane anaingilia. Mwezi uliopita kakiri mwenyewe kwamba lile lilikuwa kosa. Na wale waandamanaji si waliitwa vibaraka wa Marekani vilevile? Kama jina la kibaraka utabandikwa unyamaze usinyamaze, basi bora useme.

Mimi ningekuwa rais: mazungumzo na Iran ya nyuklia basi, kila ofisa aliyetoa amri ya kupiga risasi awekewe vikwazo yeye na familia yake inayosoma Ulaya, na ningesema wazi utawala ule umekwisha. Nyinyi wapole ndio mnaowafanya madikteta wazeeke madarakani.

Babu wa Minneapolis

Marahaba kwa wote mlionipa shikamoo.

Karatasi kwanza, maana ndizo zinazolisha watoto. Mwenye grinikadi ana haki ya kuandamana kwa amani na kumwandikia mbunge. Mbunge anawakilisha wakazi, hata wasiompigia kura. Beba kadi yako, kwa sababu sheria inamtaka mkazi wa kudumu aliyetimiza miaka 18 atembee nayo. Kinachoumiza ni kukamatwa. Fomu ya uraia, ile N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa, na ukificha ndiyo umejichimbia. Kwa hiyo polisi wakisema tawanyikeni, wewe wakukute umeshafika kituo cha basi.

Na jingine ambalo hukuuliza. Jumanne ni uchaguzi, na kwenye mikusanyiko ya namna hii hawakosi vijana wenye ubao na kalamu wanaoandikisha wapiga kura. Watakuchekea, watakupa na stika. Usitie sahihi! Asiye raia akijiandikisha anaweza kurudishwa kwao, na "sikujua" haimsaidii mtu. Soma kila karatasi unayopewa, hata kama mvua inanyesha.

Haya, siasa. Mdogo wangu wa Houston, umeanzia 2009. Mwirani haanzii hapo, anaanzia Agosti 1953. Mosaddegh, waziri mkuu wao, alitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa Waingereza. CIA na majasusi wa Uingereza wakasaidia kumpindua, Shah, mfalme wao, akaimarishwa, akatawala kwa mkono wa chuma robo karne nyingine. CIA ilikuja kukiri katika nyaraka zake zilizotolewa 2013, miaka 60 baadaye. Kwa hiyo neno "tutaikomboa" likitoka kinywani mwa rais wa Marekani, wakubwa wa Tehran wamepewa zawadi. Tazama tarehe tu. Biden kasema Alhamisi. Ijumaa ilikuwa 4 Novemba, siku wanayoadhimisha kutekwa kwa ubalozi wa Marekani mwaka 1979, jukwaa liko tayari, watu wameshakusanywa. Rais Raisi akapanda na kumjibu kwamba Iran ilikombolewa miaka 43 iliyopita. Hakuwa na haja ya kuumiza kichwa atafute la kusema. Ikulu ya hapa ikabidi imtoe msemaji wake, Kirby, aeleze kwamba rais alikuwa anaonyesha mshikamano tu.

Lakini propaganda siyo inayonitisha zaidi. Ninachokiogopa ni ahadi. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni Mwiraki wa Basra. Februari 1991 Rais Bush mkubwa aliwahimiza Wairaki wachukue hatua wenyewe wamng'oe rais wao Saddam. Wakainuka kweli, Basra na kusini yote, na Wakurdi kaskazini. Majeshi ya Marekani yalikuwa bado yako kusini mwa Iraq, yakatazama. Helikopta za Saddam, ambazo Wamarekani wenyewe walikubali ziruke katika masharti ya kusitisha vita, ndizo zilizotumika kuwapiga. Jirani alikuwa na miaka 19. Mpaka leo tukiwa kibarazani, helikopta ya wagonjwa ikipita kwenda hospitali, anakata neno katikati na kushika kikombe kwa mikono miwili mpaka mlio uishe. Kisha anaendelea pale pale alipoachia.

Kwa hiyo rais aseme, ndiyo, na aseme kwa sauti: mnaua watoto, na hawa ndio wanaoua, majina yao haya hapa. Asiseme "tutawakomboa" wakati anajua hana meli atakayoituma, na hata akiituma sijui nani ataifurahia.

Mwana wa Bukavu, Louisville

Jambo bandugu. Mimi mambo ya maraisi siyawezi. Mimi niseme intaneti.

Kwetu Kongo, Desemba 2018 tulipiga kura tarehe 30. Tarehe 31 serikali ikakata intaneti nchi nzima, ikakaa siku 20. Mama yuko Bukavu, mimi niko hapa na tiki moja. Kila asubuhi kabla ya zamu nafungua WhatsApp: tiki moja. Ujumbe wa mwaka mpya niliomtumia ulimfikia Januari imekaribia kwisha, na wakati huo alikuwa ameshalazwa na kutoka hospitali. Wenzangu wa Uganda wanalijua hilo kwa uchaguzi wa Januari 2021, na ndugu wa Tanzania mnakumbuka 2020 mlivyokuwa mnahangaika na VPN, zile programu za kupenya vizuizi.

Iran, Novemba 2019, bei ya petroli ilipopandishwa watu wakaingia barabarani, serikali ikazima intaneti karibu wiki nzima. Ni katika giza hilo waliuawa watu. Shirika la haki za binadamu la Amnesty lilihesabu zaidi ya 300, shirika la habari la Reuters likaandika 1,500. Mtu anapokata waya kwanza ndipo apige risasi, anakuonyesha mwenyewe anachokiogopa.

Kwa hiyo mimi naona jambo la maana kuliko hotuba zote ni la tarehe 23 Septemba, Wizara ya Fedha ya hapa ilipotoa leseni inayoitwa D-2. Vikwazo vya Marekani vilikuwa vimewafungia Wairani wa kawaida mpaka huduma ndogo ndogo za intaneti. Leseni ya zamani, ya 2014, haikuijua dunia ya leo. Hii mpya inaruhusu kampuni za hapa ziwape Wairani mikutano ya video, mitandao ya kijamii, mahali pa kuhifadhi data, na zana za kupenya vizuizi. Aliyeizungumzia kwa niaba ya wizara ni naibu waziri Wally Adeyemo, mzaliwa wa Ibadan. (Tujivunie kidogo, Afrika ni moja.) Shida ni kwamba wanasheria wa kampuni wakiona neno Iran wanakimbia, leseni iko au haiko. Barua kwa mbunge iseme hilo: piteni kampuni moja moja, muulize kwa nini bado imefunga mlango ambao serikali imeufungua.

Mama Kulwa, Columbus

Mwana wa Bukavu, umenikumbusha kituko changu! Mwezi wa nane huyu dada aliniuzia zafarani aliyoletewa na shangazi yake. Nikamtumia dola 40 kwa simu, na pale pa kuandika maelezo nikaandika "zafarani ya Iran". Pesa zikashikwa. Nikaletewa barua pepe nieleze Iran ni nani na zafarani ni nini. Nimejaza fomu mara mbili. Wakati huohuo mume wangu alinicheka wiki nzima, anasema mke wake kawekewa vikwazo na Marekani kabla ya kuwa raia.

Mtu wa Maskati

Assalaam aleikum. Nawasoma tu siku zote, leo naomba dakika mbili. Houston anasema mazungumzo yavunjwe. Sisi huku Oman tunaona kinachopita mlangoni. Wale vijana watatu wa Marekani waliokamatwa 2009 wakitembea milimani mpakani mwa Iraq na Iran, wakatiwa ndani jela ya Evin, Tehran, walitokea wapi? Walishuka Maskati, mmoja Septemba 2010, wawili Septemba 2011. Mwezi uliopita tu mzee Baquer Namazi, mfungwa mwingine Mmarekani, kapitia hapahapa, na mwanawe Siamak akabaki Evin. Mazungumzo ya siri yaliyozaa mkataba wa nyuklia wa 2015 yalianzia hapa. Mlango ukiufunga kwa hasira, aliye ndani atatokea wapi? Kuzungumza na jirani mbaya si kumpenda. Mwisho wa dakika zangu.

Msukuma wa Houston

Maskati, salaam. Wafungwa sawa, nakubali. Lakini kuna tofauti ya kuzungumza juu ya mtu na kuuza mtu. Ule mkataba ukirudi, fedha za Iran zilizozuiwa zikifunguliwa, zitaanza kupita kwa nani kama si hao hao Walinzi wa Mapinduzi, jeshi linaloulinda utawala? Hilo Babu hajajibu.

Helikopta nimeielewa, Babu. Nimekaa nayo usiku kucha.

Mama Kulwa, Columbus – Jumatatu 7 Novemba

Wadau, nimeenda na nimerudi, kadi mfukoni.

Kituko cha kwanza: usiku saa zilirudishwa nyuma, mimi na saa yangu ya ukutani hatukuambiwa. Nikafika mapema saa nzima, mbele ya jengo nipo mimi na njiwa. Akaja mama mmoja mzee wa Kiirani, naye kakosea vilevile, tukakaa ngazini. Kiingereza chake na changu vilikuwa vinapishana, lakini aliposema "chai" akatoa chupa ya moto kwenye mkoba, hapo hatukuhitaji mkalimani. Baadaye watu walipojaa wakaanza "Zan, Zendegi, Azadi", yaani Mwanamke, Maisha, Uhuru, yule mama akawa anaitikia kwa sauti ndogo kama mtu anayevuta uradi. Vijana wa ubao na kalamu walikuwepo, Babu! Na stika.

Barua tuliifumua upya na dada wa Shiraz usiku wa Jumamosi, zamu ya mwisho, juu ya boksi za sabuni. Mstari wa "kuuondoa utawala" aliufuta mwenyewe, mimi sikumwambia. Alisema: "Hiyo ni kazi yetu, na tukifa ni sisi." Badala yake akaweka ya Mwana wa Bukavu kuhusu kampuni na intaneti. Akaweka ya kutaja majina ya maofisa, hiyo ni yako Houston.

Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Kaka yake yuko Toronto, hajamwona miaka sita. Kule kwao jeshi ni lazima kwa kila kijana wa kiume, na kikosi unapangiwa, huchagui. Yeye alitupwa kambi ya Walinzi wa Mapinduzi, akawa jikoni anapika wali na dengu. Aprili 2019 Marekani ikaliweka jeshi hilo zima kwenye orodha ya magaidi. Sasa kaka mpishi akiomba viza ya kuja kumwona dada yake, anahesabika na magaidi. Ubalozi wa Marekani Tehran hakuna tangu enzi hizo za utekaji, kwa hiyo wazazi nao wakitaka viza lazima wasafiri mpaka Ankara au Yerevan kwa usaili wa dakika chache. Akaandika: "Mnasema mko pamoja nasi. Anzeni na kaka yangu." Ofisa wa mbunge atafanya nini na sentensi hiyo sijui, lakini nilitia sahihi bila kalamu kugoma.

Mwenye anuani nzuri ya wakili wa uhamiaji asiyekula pesa za watu, anitumie faragha, ni kwa ajili ya huyo kaka.

Zile dola 40 bado zimeshikwa. Zafarani nilishaimaliza kwenye pilau ya Idi.

Babu wa Minneapolis

Idi ilikuwa Julai, Mama Kulwa, na zafarani umenunua mwezi wa nane.

Mama Kulwa, Columbus

Babu! Basi Maulidi. Fomu ya tatu nitaijaza wewe ukiwa pembeni.