Picha za wanyama, wa nyumbani na wa porini: watu wa Tanga tupeane uzoefu

Mpwa wa Makorora
Habari za jioni wakuu. Nina paka mweusi tii, anaitwa Makaa. Tangu Ijumaa nimempiga picha mia mbili na ushee, zenye kutazamika hazifiki tatu. Nyingine ni mkia tu unapotelea kwenye kona ya mlango. Nyingine ni doa jeusi juu ya mkeka, lina macho mawili ya kijani kama taa za meli. Mke wangu keshaniuliza kama niko sawa. Simu yangu ya kawaida tu, si ya bei. Mliowahi kupiga wanyama, awe kuku wa uani au tembo wa Saadani, leteni yaliyowakuta. Hata ya aibu.

Dalali Mstaafu
Ya aibu ninayo mimi. Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja, nilikuwa na beberu wa kuuza. Nikaona nimpige picha ya kibiashara niitupe kwenye magrupu. Nikalala kifudifudi zizini, simu karibu na kifua chake, nikachagua ile lenzi pana. Beberu akatoka kama fahali. Simu zikaita mpaka chaji ikaisha.

Akaja mnunuzi kutoka Kange, kamba mkononi, bodaboda inamsubiri nje. Akamtazama mbuzi, akatazama simu, akarudi kwa mbuzi. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mzee, huyu ndiye wa pichani au mwanawe?" Nikashusha elfu arobaini papo hapo.

Lenzi ukiisogeza karibu mno, kilicho mbele kinavimba na cha nyuma kinasinyaa. Hata paka wako, ukimfuata puani, pua itatoka kama ndimu. Rudi hatua mbili, uvute kidogo, mara mbili basi. Ukizidisha hapo, simu za kwetu hizi zinakupa uji. Lakini kulala chini sijaacha. Mnyama ukimpiga umesimama unaambulia mgongo na masikio. Shuka mpaka macho yenu yawe usawa mmoja. Kanzu ivue kwanza.

Bi Chuda
"Au mwanawe" 😂 Nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wananitazama.

Fundi Picha Ngamiani
Mpwa, kamera haijui kama paka wako ni mweusi. Inaona giza, inadhani mwanga haujatosha, inaongeza. Ndiyo maana Makaa anatoka rangi ya jivu na mkeka unaungua weupe. Mguse usoni kwenye kioo cha simu, kitatokea kijua kidogo, kiburute chini taratibu. Mbuzi mweupe ni kinyume chake, kipandishe.

Hayo macho ya kijani ni flashi. Nyuma ya jicho la paka kuna tabaka kama kioo, linarudisha mwanga, ndilo linalomsaidia kuona gizani. Mbuzi analo, sisi hatuna. Wewe ukipigwa flashi macho yanatoka mekundu kwa sababu ya damu iliyo ndani ya jicho. Zima flashi. Mweke paka kwenye kizingiti, yeye ndani kivulini, uso unatazama nje kwenye mwanga. Saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni. Jua la saa saba mchana ni la kuanikia mbata, si la kupigia picha.

Na asipotulia, bonyeza bila kuachia, simu nyingi zinapiga mfululizo, utachagua moja. Wenye kamera za kupangika, mnyama anayekimbia anataka shata, yaani kasi ya kamera kufunga na kufungua, ya 1/1000 ya sekunde kwenda juu. Paka aliyelala hata 1/125 inatosha. Nilifungua studio enzi za filamu, pozi 36 kwa mkanda. Kwa mchezo wako wa picha mia mbili ungeshauza baiskeli.

Mgosi wa Pangani
Mimi adui yangu ni komba. Shamba la baba mkwe kuna mnazi unaogemwa, na kila usiku komba alikuwa anashuka kwenye kibuyu cha mgema kunywa tembo la mnazi. Nikasema huyu lazima nimnase, kwa picha lakini. Usiku wa kwanza nikampiga flashi: nikapata giza na sarafu mbili za shaba zinawaka. Usiku wa pili hivyo hivyo, na yeye akaruka mnazi wa jirani akanitukana mpaka alfajiri. Mnaijua sauti yake, ya mtoto aliyenyimwa titi.

Mgema akaniambia, bwana, unamshtua, weka taa mbali uiache iwake. Nikafunga taa ya chaji kwenye mkorosho, mwanga hafifu, imfikie kwa ubavu. Usiku ule hakuja. Uliofuata hakuja. Wa tatu akaja, akaitazama taa, akaona haina neno, akainama. Simu niliifunga kwa mpira kwenye ngazi ya mgema maana mikono haitulii gizani. Picha ina chengachenga, sikatai, lakini vidole vyake vimeshika mdomo wa kibuyu kimoja kimoja, kama mtu.

Mwana Ushongo
Hapo kwenye mwanga nami nina la kusema. Kisiwa cha Maziwe siku hizi hakina mti hata mmoja, bamvua likija maji yanakifunika chote, kwa hiyo mayai ya kasa yanahamishiwa huku kwetu ufukweni. Kiota kimoja kinaweza kuwa na mayai mia na zaidi, miezi miwili hivi wanaanguliwa. Nikampeleka binamu yangu aone. Magharibi inaingia, watoto wa kasa wanatoka mchangani, wanaelekea majini vizuri. Yeye kwa furaha akawasha tochi ya simu apate picha.

Wakageuka. Wote waliokuwa karibu wakaacha bahari, wakaanza kufuata viatu vyake. Kasa mdogo huenda kunakong'aa, porini kunakong'aa ni baharini, hajui habari za tochi. Walinzi walifoka, na walikuwa na haki. Tochi ikazimwa, wakazunguka pale kama waliopotezwa, halafu mmoja mmoja wakarudi njiani. Picha niliyonayo ya siku ile niliipiga asubuhi yake, nyayo zao tu mchangani, vistari kama vya cherehani hadi majini.

Popobawa Mtaratibu
Na pango la Amboni jamani. Popo wamelala, mtu anapiga flashi thelathini. Nawe ukilala nije nikuwashie taa usoni?

Mama Pacha
Sisi tulikwenda Saadani na watoto, enzi tunavuka Pangani kwa pantoni. Hifadhi ya taifa tangu 2005, ya bara hiyo ndiyo pekee inayoshika Bahari ya Hindi, basi watoto wakataka tembo ufukweni kama kwenye kalenda. Tukaingia lango lilipofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kila tukiona kitu dereva anabana breki, vumbi letu wenyewe linatufikia, tunapiga picha ya vumbi. Hadi saa nne nilikuwa na ngiri kumi na mmoja, wote kwa nyuma, mikia imesimama kama antena.

Mwongozaji wetu akachoka. "Mama, mnyama hafukuzwi. Zimeni gari tukae." Injini ikiwaka gari linatetemeka na picha inatetemeka nalo. Kisha akauliza kama tuna mchele. Nikashangaa, nikampa ule wa kupika jioni, kilo mbili kwenye mfuko wa kitambaa. Akaulaza kwenye dirisha, kamera akaibonyeza juu yake, ikatulia tuli. Tukakaa karibu na maji dakika arobaini, watoto wamelala. Akaja kuro jike, wale swala wakubwa, na ndama, lile duara jeupe matakoni kama amekalia kigoda chenye chokaa mbichi. Ndama akajificha nyuma ya mamake, akabakiza sikio moja. Hiyo ndiyo iko sebuleni kwetu. Mchele tuliula usiku.

Boti ya Mto Wami neno moja tu: kiboko akipiga mwayo si usingizi, anakuonya. Piga moja, mpishe.

Mpwa wa Makorora
Nimerudi wakuu. Leo saa kumi na moja na nusu nimemtega Makaa kwenye kizingiti, kijua nimekishusha, flashi nimezima, nikalala kibarazani. Jirani yangu anatoka msikitini akasimama: "Mwenzetu, umeanguka?" Nikamwambia nampiga paka picha. Akasema kha! Makaa aligeuka kumtazama, nikabonyeza bila kuachia. Nimeiweka hapo chini. Sharubu zinahesabika, weusi ni weusi kweli, na jichoni anaonekana jirani na baragashia yake. Sasa anataka nimpigie kuku wake wa kuchi, ana mteja Muheza.

Dalali Mstaafu
Maashallah, paka amependeza. Huyo kuchi mpige kwa mbali, mpwa. Nisikilize mimi.