Kikundi cha Ukoo: Safari ya Mwambani

Mimi: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Kabla hatujalipia chombo cha Jumamosi, naomba tuelewane kidogo. Kule kwenye matumbawe tunaingia nyumbani kwa viumbe wengine.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Sema, tunakusikiliza.

Binamu: Jamani, siku moja tu, tena tuko wachache. Tutaharibu nini?

Mimi: Sisi siku moja, kesho yake wengine, keshokutwa wengine. Thailand kuna ghuba inaitwa Maya Bay, ilifikia kupokea watu hadi 5,000 kwa siku. Sidhani kama kuna aliyekwenda kwa nia mbaya. Nanga, mapanga ya mashine na miguu ya watu vikayavunja matumbawe mpaka serikali ikaifunga Juni 2018. Haikufunguliwa hadi Januari 2022.

Mjomba: Nyongeza: sasa hivi boti haziingii kabisa ndani ya ghuba, zinashusha watu nyuma ya kisiwa wanatembea kwa miguu. Na ilipofungwa, wale papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi walirudi. Kumbe bahari ikipewa nafasi inajitibu.

Binamu: Sawa, nanga naelewa. Ila kusimama juu ya jiwe upumzike kidogo?

Mimi: Si jiwe, mdogo wangu. Tumbawe moja ni maelfu ya wanyama wadogo walioshikana juu ya chokaa waliyoijenga wenyewe. Ukilitazama karibu utaona midomo midogo midogo, kila mmoja na mikono yake ya kukamatia chakula. Aina zile za mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, nyingine hata hiyo hazifikishi. Unapovunja kwa kisigino, umevunja kazi ya miaka. Hata kutimua mchanga ni shida: ukiwatulia juu unawazibia mwanga, na ndani ya miili yao wamehifadhi mwani unaowalisha kwa mwanga huo.

Mama Mdogo: Basi asiyeweza kuogelea avae jaketi la kuokolea. Akichoka aelee, asitafute pa kusimama.

Mimi: Hapo umenena, Mama Mdogo.

Shangazi: Mimi nilishapanga kununua yale makombe makubwa yanayopulizwa kama baragumu, niweke sebuleni.

Mimi: Shangazi yangu, nakuomba sana hilo uliache. Mengi ya namna ile huchukuliwa mnyama akiwa hai ndani, anauawa ili ganda liuzwe. Na yule konokono ana kazi kubwa: anamla kiti cha pweza mwenye miiba, yule mnyama wa umbo la nyota anayetafuna matumbawe. Mlinzi akiondolewa, adui anapata nafasi.

Shangazi: Loh! Sikujua. Basi hata yakiwa ya bei poa sinunui.

Kaka: Na yaliyokwisha kufa ufukweni?

Mimi: Tuyaache pia. Kuna kaa asiye na ganda gumu mgongoni, anaishi kwa kuhamia makombe matupu. Akikua anatafuta kubwa zaidi, asipopata anabaki amebanwa. Na viti vya pweza, tafadhali, tusiwatoe majini kwa ajili ya picha. Wanapumua humo humo. Piga picha akiwa pale pale alipo.

Mama Mdogo: Mkate wa kuwarushia samaki je? Watoto wanapenda.

Mimi: Hapana, Mama Mdogo. Samaki wakizoea kulishwa wanajifunza kukimbilia boti. Bora watoto watazame pono akikwangua mwani kwa mdomo wake. Ukitulia majini unausikia kabisa ule mkwaruzo.

Kaka: Losheni ya jua nayo nasikia ina kesi.

Mimi: Ndiyo. Hawaii walipiga marufuku kuuza zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati bila cheti cha daktari, kuanzia Januari 2021, kwa hofu kwamba zinadhuru matumbawe. Palau, nchi ya visiwa kule Pasifiki, walitangulia kwa katazo lao mwaka 2020, na kule mgeni anagongewa kiapo kwenye pasipoti, anatia saini kwamba hataharibu. Tusome kopo kabla ya kununua. Ila shati la mikono mirefu linashinda losheni yoyote, maana halioshwi na maji.

Mjomba: Nimetoka kuongea na nahodha. Pale mwambani pana boya la kufungia chombo, kwa hiyo hatupi nanga. Nimemwambia pia asikaribie kasa wakipanda juu kuvuta pumzi. Yeye mzaliwa wa pale pale, na mwongozaji atamchukua kijijini.

Mimi: Mjomba, ahsante sana. Pesa ibaki kwa wanaolinda bahari ile kila siku.

Shangazi: Taka zetu tunarudi nazo. Naleta mfuko mmoja mkubwa wa kitambaa, wenye mdomo wa kufunga, upepo usije ukapeperusha kitu.

Binamu: Nimeelewa, sisimami. Nina shati la ziada la mikono mirefu, linamtosha Kaka.

Kaka: Nalichukua. Njoo nalo Ijumaa jioni.